Mafuta ya Nazi na Maji ya Ngozi

Asubuhi za mwezi Julai, wakati upepo wa kusi unapovuma, chupa ya mafuta ya nazi katika nyumba nyingi za Kibiti na delta ya Rufiji hukutwa imeganda, nyeupe kama nta. Jua likishapanda, mafuta hayo huwa majimaji tena. Mwanafunzi aliyeyaona mabadiliko hayo tangu utotoni ameshashuhudia, bila kuingia maabara, kwamba mafuta ya nazi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 25 hivi za Sentigredi. Ni katika msimu huohuo ngozi ya miguu hupauka, midomo hupasuka, na akina mama huwapaka watoto mafuta kabla hawajakwenda shule. Mafuta hayo hufanya nini hasa juu ya ngozi? Na kwa nini mengine yanayopikwa nyumbani huanza kunuka kabla ya mwezi kwisha? Maswali haya mawili huonekana kuwa mbalimbali, lakini yote huhusu jambo moja, nalo ni maji.

Siku hizi maduka ya mijini huuza pia siagi ya shea, na vijana huuliza kama hiyo ni bora kuliko mafuta ya kwao. Mshea, ambao wataalamu wa mimea huuita Vitellaria paradoxa, ni mti wa savana. Ukanda wake wa asili huanzia Senegal hadi Uganda na Ethiopia, wala haufiki pwani ya Tanzania. Kaskazini mwa Uganda, mathalani katika Wilaya ya Otuke, wanawake huokota kokwa zake, huzikausha, huzikaanga na kuzisaga, kisha huyatenga mafuta kwa maji. Ni jambo la kuvutia kwamba msafiri Ibn Battuta, aliyeipita pwani hii akielekea Kilwa mwaka 1331, aliacha maelezo ya mafuta yote mawili: ya nazi alipoeleza nchi ya Dhofar, na ya mshea aliposafiri kwenda Mali mwaka 1352. Huko Mali aliona watu wakiyapikia, wakiyawashia taa na kujipaka mwilini.

Kwa mkemia mafuta haya ni ndugu. Kila molekuli yake ni gliseroli iliyoshikana na asidi tatu za mafuta. Tofauti iko katika asidi hizo. Karibu nusu ya asidi zilizomo katika mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, yenye atomi 12 za kaboni. Katika siagi ya shea zilizotawala ni asidi ya steariki na asidi ya oleiki, zenye atomi 18 kila moja. Kwa hiyo siagi ya shea ni nzito zaidi na hukaa juu ya ngozi kama utando mnene, ilhali mafuta ya nazi huenea upesi na kuacha utando mwembamba. Kazi yao kuu ni moja. Mkaazi wa Nyamisati mwenye minazi nyuma ya nyumba hana sababu kubwa ya kuagiza kopo kutoka mbali.

Ngozi na maji yake

Tabaka la nje kabisa la ngozi ni seli zilizokwisha kufa, zilizopangana kama makuti juu ya paa. Katika sehemu nyingi za mwili unene wake hauzidi sana sehemu moja ya hamsini ya milimita. Seli hizo hubaki laini kwa sababu zina maji, na maji hayo hupanda kutoka tabaka za chini na kupotea hewani mchana na usiku. Kati ya seli mna mafuta ya asili yanayozuia maji yasipotee haraka. Upepo mkavu, sabuni kali, na kushinda majini kwa muda mrefu, kama wafanyavyo wavuvi na wakulima wa mpunga wa delta, huyaondoa mafuta hayo ya asili. Maji hupotea upesi, seli hukauka, kingo zake huinuka, na ngozi huonekana yenye majivu.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Husemwa kwamba mafuta huipa ngozi unyevu. Mafuta hayana maji ya kuipa. Yanachoweza kufanya ni kuziba njia ili maji yaliyomo yasitoke. Mtu anayejipaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka hupata mng'aro, na pengine ulaini kidogo wa juujuu. Anayejipaka mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, huyafungia maji hayo ndani. Matone machache yanayosuguliwa viganjani yanatosha. Mwenye chunusi usoni afadhali apake miguu na mikono tu, kwani mafuta ya nazi yaweza kuziba vinyweleo.

Nywele nazo zina faida ya pekee. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya petroli. Ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini wakati nywele zinapooshwa na kuchanwa. Maelezo yao ni kwamba molekuli ya asidi ya lauriki ni ndogo na imenyooka, hivyo huweza kupenya ndani ya unywele. Kwa ajili hiyo mafuta yanayopakwa kabla ya kuosha nywele yana maana kama yale yanayopakwa baadaye.

Kutoka tui hadi mafuta

Nyama ya nazi iliyokomaa ina karibu nusu yake maji, na thuluthi moja mafuta. Hivyo katika gramu 300 za nyama mna gramu 100 hivi za mafuta, ingawa sehemu yake hubaki katika machicha. Nazi hukunwa kwa mbuzi, hutiwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa kwa kifumbu au kitambaa safi. Tui linalopatikana ni matone madogo mno ya mafuta yanayoelea katika maji, kila tone likiwa limevikwa protini zinazolizuia lisiungane na mengine. Tui likiachwa usiku kucha, sehemu yenye mafuta hupanda juu, kwani lita moja ya mafuta ya nazi ina uzito wa gramu 920 hivi, yaani pungufu ya maji. Sehemu hiyo huenguliwa na kupikwa kwa moto mdogo.

Kipindi cha mwisho cha upishi ndicho kinachoamua kila kitu. Maadamu maji bado yamo, joto la sufuria halipandi sana juu ya nyuzi 100, na mafuta huchemka kwa kelele. Maji yakiisha kelele hufifia, mapovu huwa madogo, na mashapo hugeuka rangi ya kahawia. Kuanzia hapo joto hupanda upesi, na mpishi asiye mwangalifu huunguza. Lakini anayeogopa kuunguza akaepua mapema hufanya kosa lisiloonekana siku hiyo: mafuta ni meupe na yana harufu nzuri, lakini ndani yake mmebaki maji.

Maji hayo, pamoja na mabaki ya protini, ni makazi ya kuvu na bakteria. Vimelea hivyo hutoa vimeng'enya vinavyosaidia molekuli moja ya mafuta kuungana na molekuli tatu za maji; matokeo ni gliseroli na asidi tatu huru. Badiliko hili huitwa haidrolisisi. Ndiyo sababu mafuta ya nazi yaliyoharibika hunuka kama sabuni kuukuu, tofauti na mafuta ya alizeti, ambayo huharibiwa zaidi na oksijeni ya hewa. Chupa iliyooshwa ikajazwa kabla ya kukauka huleta hasara ileile. Vivyo hivyo kijiko kibichi, na vidole vyenye maji ya kuoga. Familia hutupa mafuta, hulaumu nazi, kisha huenda dukani.

Anayetaka marhamu isiyomwagika anaweza kuyeyusha sehemu moja ya nta ya nyuki katika sehemu tano za mafuta kwa uzito, chombo kikiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo marhamu hii haiwi majimaji hata mchana wa Januari. Asitie utomvu wa shubiri wala maji ya mchele, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa.

Mipaka ya mafuta haya nayo ni lazima ifundishwe. Mafuta ya nazi hayatibu fangasi wala upele. Hayakingi jua kwa kiasi cha kutegemewa, na kwa mwanafunzi mwenye ualbino kosa hili laweza kuishia katika saratani ya ngozi. Anahitaji kofia pana, mikono mirefu na krimu maalumu ya kukinga jua, kama Kilisun inayotengenezwa KCMC, Moshi. Kwa upande mwingine, mafuta haya hayana zebaki, ambayo imekutwa katika baadhi ya mikorogo ya kung'arisha ngozi na ambayo hudhuru figo.

Jaribio la darasani

Mwalimu na achukue vipande viwili vya muhogo mbichi uliomenywa, kila kimoja gramu 50 hivi, na kopa moja kavu. Kipande cha kwanza kiachwe kama kilivyo. Cha pili kipakwe mafuta ya nazi pande zote. Kopa nalo lipakwe vivyo hivyo. Vyote vipimwe baada ya kupakwa, viwekwe kivulini penye upepo, na vipimwe tena siku ya pili na ya tatu. Kipande kisichopakwa kitapungua uzito kuliko kilichopakwa, na wanafunzi wachore grafu ya tofauti hiyo. Kisha wabonyeze kopa kwa kidole gumba. Litakuwa linang'aa, na litakuwa gumu kama lilivyokuwa siku ya kwanza.