Vuria nani?

*Shikamoo Shangazi,*

*Nina binti wa wiki sita, mzaliwa wangu wa kwanza. Mume wangu ni Mtaita wa milimani, mimi ni Mkamba mzaliwa wa hapa hapa Voi. Mume wangu anataka mtoto aitwe Vuria, kwa kuwa alikulia chini ya mlima wa jina hilo, nami jina nimelipenda. Kinachotushinda ni jina la kati. Mama mkwe anasema mlima hauzai mtu, na anataka jina lake, Wakesho, litangulie. Mama yangu anaulizia Mumbua. Katekista ametaja Maria. Rafiki zangu wananishauri niweke Joy, eti watu wasilishangae sana hilo Vuria. Karatasi ya hospitali bado iko kwenye droo. Nifanyeje?*

*Mama Asiye na Jina, Mwakingali, Voi*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kujifungua salama.

Washauri wako wote wanalikwepa Vuria, basi acha mimi nianze nalo. Vuria ndicho kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Taita, mita 2,208 juu ya bahari. Linganisha na hili: mwaka 2015, Rais Obama alipozuru Kenya, mtoto mmoja wa Siaya alipewa jina la ndege iliyomleta. Jina la namna hiyo humlazimu mwenyewe kusimulia habari ya siku moja maisha yake yote. Binti yako akiulizwa, atanyoosha kidole tu kuelekea kwao.

Tena Wataita hawajaanza leo kumwita mtu kwa mahali au majira alipozaliwa. Wapo kina Mwanyika na Mkanyika. Wapo Mwakio na Wakio waliozaliwa usiku, na huyo Wakesho mwenyewe ni wa asubuhi. Mama mkwe akirudia kwamba mlima hauzai mtu, mumeo na amuulize kwa upole nyika ilimzaaje Mwanyika. Huenda akacheka, na mama akicheka nusu ya kazi imekwisha.

Sasa jina la kati. Wanaokupa Joy wanakutaka umwombee mtoto radhi kabla hajamkosea mtu. Joy ni jina zuri, sina ugomvi nalo, lakini hapa linaitwa kuficha jina jingine, na mtoto atakuja kuling'amua hilo. Ukiona haya juu ya Vuria, libadilishe lote. Usipoona haya, usilitafutie kifuniko.

Hata hivyo rafiki zako wamegusa jambo moja la kweli. Mwenye jina adimu huchoka kulieleza. Akifika miaka kumi na mitano, yuko shule ya bweni mbali na nyumbani, anaweza kutaka kupumzika na maswali. Jina la kati ni mlango wake wa pili: apite huko siku akitaka, na akiupita ajikute bado yuko kwao. Kwa hiyo usichague jina la kujazia kisanduku kwenye fomu. Chagua ambalo anaweza kuitwa hilo tu, likatosha.

Kwa kipimo hicho, mimi nasema Wakesho. Mwalimu yeyote wa Voi, Mwatate au Wundanyi ataliandika bila kuuliza herufi. Akiwa Nairobi, Mtaita mwenzake akilisikia atamgeukia amsalimu kwa Kidawida, lugha yao. Na ni jina la nyanya aliye hai, atakayemwita mtoto wajina wake. Watu wa pwani na bara yake tumezoea jina kumfunga mtu kwa wazee wake: ndiyo maana tunasema Mekatilili wa Menza, na huko kwenu Taita mbunge wa zamani wa Wundanyi akajulikana kwa Mashengu wa Mwachofi. Vuria litamtaja yeye, Wakesho litataja alikotoka.

Mama yako asione amenyimwa. Yeye ni Mkamba, anajua kwamba Ukambani nako binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba. Mumbua lingojee binti wa pili, au mtoto huyu aitwe hilo nyumbani kwa bibi yake tangu leo. Jina la kuitwa nyumbani halihitaji muhuri wa serikali.

Kuhusu Maria, mweleze katekista taratibu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu mtoto asipewe jina lililo kinyume na moyo wa Kikristo. Mlima hauna ubaya huo. Mkipenda Maria, abatizwe nalo na likae kwenye cheti cha ubatizo. Si lazima lihamie kwenye cheti cha kuzaliwa, na ushahidi tunao: James Ngugi alikuja kuliacha lile James, na dunia ikamjua kwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Isitoshe, Vuria na Maria yanakaribia kufanana mwisho, na watoto wenzake watapata wimbo wa kurukia kamba.

Masikio nayo yashirikishwe. Simama mlangoni umwite kama aliye uwanjani. Kisha soma majina yote matatu kama mwalimu anayeita rejista. Vuria Anna, kwa mfano, hugandana yakawa neno moja. Vuria Wakesho hutoka yakiwa mawili, kila moja na silabi zake tatu.

Ukifika kwa msajili, andika kwa herufi kubwa na usome kabla ya kutia sahihi, maana r ya Vuria hugeuka l haraka sana kwenye kalamu ya mtu mwingine. Kizazi huandikishwa ndani ya miezi sita. Ukichelewa unaingia utaratibu mwingine wenye usumbufu zaidi. Na mkibadili mawazo, Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, sura ya 149, inampa mzazi miaka miwili tangu kuandikisha kubadilisha jina la mtoto kwa kulipa ada. Baada ya hapo mtahitaji hati rasmi ya kubadili jina na tangazo katika Gazeti Rasmi.

La mwisho ni nani aende kwa mama mkwe. Si wewe. Jina la Vuria alilitaka mumeo, basi apande milimani yeye, ambebe mtoto na wewe ufuatane naye, na amwambie mamake kwa kinywa chake kwamba Wakesho limeingia kwenye cheti. Mama alitaka litangulie. Atakuwa amepata la pili, lakini ndilo mjukuu atakalolitumia siku atakayochoka na milima.

Shangazi