AFYA YETU: Majivu Haya Yana Mwenyewe



Mwaka 2007 mlima wa Oldonyo Lengai ulilipuka. Majivu yake yaliangukia malisho na maji. Mlima hauwezi kuulizwa. Lakini majivu ya kiwanda yana mwenyewe, na mwenyewe lazima aulizwe.

Makaa ya mawe ni nini? Ni makaa meusi yanayochimbwa ardhini, kama huko Kiwira na Ngaka. Nchi nyingi huyachoma ili kupata umeme. Yakiisha kuungua, hubaki majivu mengi sana. Majivu haya si kama ya jikoni. Yana sumu, kama vile risasi, aseniki na zebaki. Yakitupwa ovyo, mvua huzipeleka sumu hizo kisimani na mtoni. Upepo nao hupeperusha vumbi lake, watu wakalivuta.

Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Maji yenye aseniki, yakinywewa kwa miaka mingi, huweza kuleta saratani. Jihadhari! Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi sumu hizi. Kinga yake ni kuzuia mapema.

Wenzetu wa Lamu, nchini Kenya, walifanya hivyo. Mwaka 2016 kampuni moja ilipewa kibali cha kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi. Wananchi wengi walihofia majivu, hewa na samaki wao. Walikwenda kwenye baraza linaloamua mashauri ya mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 baraza lilifuta kibali hicho. Sababu moja kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Je, umeme ni mbaya? La. Umeme na kazi ni maendeleo. Kosa ni kuamua bila kuwasikiliza wanaokunywa maji ya mahali pale.

Hapa Wasso hatuna mtambo wa namna hiyo. Lakini mgodi au kiwanda chochote huwa na taka. Nchini kwetu ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Inataka mradi mkubwa uchunguzwe kabla haujaanza, na wananchi watoe maoni yao. Basi hudhuria mkutano wa kijiji. Uliza: Taka zitawekwa wapi? Nani atapima maji yetu? Majibu yaandikwe, nawe uyasome mwenyewe.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini kuchemsha maji hakutoshi?
2. Watu wa Lamu walifanya nini?
3. Mradi ukija kijijini kwetu, tutauliza nini kwanza?