Mtandao Unasumbua Wapi Hasa? Vidokezo vya Kupima Kabla ya Kulalamika

Mwenye steshenari Mwanga na mwalimu wa kompyuta Ujiji, wote wa Kigoma, wana kauli moja: "Mtandao unasumbua." Sawa, ila unasumbua wapi? Kati ya laptop na ruta, au kati ya Kigoma na Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli? Programu ya bure iitwayo iperf3 hujibu swali hilo kwa amri chache za kuandika.

1. Anzia ndani. Chukua mashine mbili zilizo kwenye ruta moja. Kwenye ya kwanza andika `iperf3 -s`. Kwenye ya pili andika `iperf3 -c` na anwani ya ile ya kwanza, kwa mfano `iperf3 -c 192.168.1.10`. Huna mashine ya pili? Simu ya Android yenye Termux inatosha: `pkg install iperf3`. Bando haliguswi, maana data inazunguka humo humo ndani.

2. Biti si baiti. Megabiti 8 ndiyo megabaiti 1. Ukipata 94 kwenye waya wa megabiti 100, usimwite fundi. Zilizobaki zimekwenda kwenye anwani na maelezo ambayo kila pakiti hubeba. Lakini ukipata 94 kwenye waya na 7 kwenye Wi-Fi ya chumba cha nyuma, mtoa huduma hana kosa. Hamisha ruta.

3. Ongeza `-R` kupima kupakua. Bila hiyo, mashine yako ndiyo inayotuma, kwa hiyo umepima kupakia. Wengi hukasirikia namba hii wakidhani ni ya kupakua.

4. Nje, toka kwa ubahili. Jaribio la kawaida ni sekunde 10. Kwa megabiti 20 kwa sekunde, MB 25 zimeondoka. Weka `-n 5M` lisivuke MB 5, ila jaribio fupi hivyo lichukulie kama makadirio. Ukipima na seva ya Ulaya, umepima pia kebo za baharini. Rafiki mwenye seva Dar, mlango wa 5201 ukiwa wazi, ni bora zaidi. Seva ikijibu kuwa ina shughuli, subiri: hupima mtu mmoja kwa zamu.

5. Simu za video. Tumia `-u -b 2M`, kisha tazama pakiti zilizopotea. Ukisahau `-b` itatuma megabiti 1 tu, nawe utalia bure.

6. Rudia kwa saa tofauti. Kama ruta yako inatumia laini ya simu, mnara mnagawana na mtaa mzima. Pima alfajiri, pima saa 2 usiku. Pima na usiku wa mbalamwezi, wavuvi wa Kibirizi, ambao huvua kwa taa usiku wa giza, wakiwa nchi kavu, taa zimezimwa na simu zimewashwa. Kila namba iandike na saa yake, kisha piga huduma kwa wateja ukiwa na orodha hiyo mkononi. Watapata tabu kukwambia uzime ruta uwashe tena.