Yaya, kuandika “batu” ni zambi?

Wadogo zangu, wiki hizi mnaniuliza jambo moja, kila mtu kwa namna yake: je, kuna haja gani ya kuandika vizuri kwenye WhatsApp na Facebook, iwapo tunaelewana? Mmoja wenu ameandika “batu balikuja”, badala ya “watu walikuja”, kwenye kundi la familia, binamu aliyesoma Kampala akamcheka mbele ya wote, na sasa ameapa hataandika tena. Ataweka alama ya kidole tu. Mudogo, rudi. Hukukosea kitu cha kufichia uso.

Wengi wetu hapa Bunia tulizoea kalamu kwa Kifaransa. Kwa hiyo tukiandika Kiswahili, vidole vinakwenda vyenyewe kwenye “ou”, “dj” na “tch”. Fungua ramani ya Ituri uone: Djugu, Tchomia. Majina hayo yamebeba Kifaransa mgongoni, na hakuna anayeyachapa viboko. Na hiyo “batu” yako? Tahajia ya Kiswahili cha vitabu ilipangwa bila sisi. Mwaka 1928 huko Mombasa walichagua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Sisi tulikuwa chini ya Wabelgiji. Nani angekuja kumuuliza bibi wa Nyakasanza yeye anasemaje? Katiba yetu ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, wala haisemi ni kile cha binamu yako tu.

Lakini usianze kupiga vigelegele, bado sijamaliza na wewe.

Kuna kuandika kinyumbani, na kuna kuandika ovyo kwa haraka. Mnavichanganya, ndiyo maana mnaumizana. Katika lugha yetu kukataa kunakaa mahali padogo sana. “Utume” na “usitume” vinatenganishwa na silabi moja. Uko juu ya taksi-moto, barabara ina mashimo, kidole kinaruka, na feza imekwenda. “Nitakuja” na “sitakuja” ni herufi moja tu. Mtu anakungoja mpaka jua linazama, anarudi kwake amevimba kwa hasira, halafu wewe unamwandikia “dsl”. Dsl! Hata pole yenyewe umeikata vipande?

Halafu hii ya “nitumie 20”. Ishirini gani, mpenzi wangu? Dola 20 au franga 20 000? Mji huu unatumia pesa zote mbili, na kaka yako aliyeko Mongbwalu hawezi kuotea. Na “tukutane saa 8”: mwenye kichwa cha Kifaransa anafika asubuhi, mwenye kuhesabu saa za Kiswahili anafika mchana jua kali, na kila mmoja anamwona mwenzake mwongo. Ninyi mnaofanya biashara na watu wa ng'ambo ya Ziwa Albert, kumbukeni tena kwamba saa ya Uganda iko mbele ya yetu kwa saa nzima. Andika “saa mbili asubuhi, saa ya Bunia”. Ni maneno machache, yanaokoa urafiki. Nimeona watu waliokula sahani moja wakinuniana miezi kwa ajili ya ujumbe wa namna hiyo, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Haraka haraka haina baraka. Soma mara moja kabla ya kutuma. Mkiona uvivu kuandika, tumeni audio, lakini namba na siku ziandikwe.

Wala msidanganyike upande wa pili. Ujumbe wenye herufi safi na nukta mahali pake si lazima uwe wa kweli. Mnakumbuka Ebola, ile iliyotangazwa mwezi wa nane 2018 na kwisha mwezi wa sita 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2 200 Kivu Kaskazini na kwetu huku. Uvumi kwamba ugonjwa ulikuwa biashara ya watu fulani tu ulipita simu kwa simu, na waliouamini walikawia kwenda hospitali. Hapo tahajia nzuri ingesaidia nini?

Sasa wewe unayesahihisha wengine kundini. Njoo karibu nikushike sikio. Mama mdogo amepata simu uzeeni, anatafuta herufi moja moja ili awape pole wafiwa, na wewe unaweka nyota na kumwandikia neno “sahihi”. Unajua atafanya nini? Atanyamaza. Siku akiugua, atanyamaza vilevile, maana ulimfundisha kwamba kuandika kwake ni aibu. Na Ituri hii, ambayo tangu 1999 imezika watu wengi kwa kutenganishwa huyu wa huku na yule wa kule, haihitaji tena mtu wa kupima wenzake kwa jinsi wanavyotamka na kuandika. Kama neno lake linaweza kuleta hasara, mpigie simu pembeni. Kama halileti, liache lipite.

Barua ya ofisi ni habari nyingine. Ukiomba kazi, au ukimwandikia mkuu wa shule ya mtoto, “bjr” na “mrc” viache nje ya mlango. Mpe mwalimu jirani aisome kwanza. Kuuliza si ujinga, na chupa ya soda inatosha kumshukuru.

Nimebaki na binti mmoja anayetaka kumwacha mchumba kwa sababu anamwandikia “ouko wapi chérie” kila saa, na yeye yuko chuo kikuu, marafiki wanamcheka. Dada, hiyo “ou” mwachie. Mimi nimesoma hapo pa “kila saa”. Anauliza kwa kuwa anakuja kukuchukua usitembee peke yako gizani, au anakuchunga? Mjibu kesho kwamba uko maktaba na simu unaizima mpaka jioni, kisha uone atakuandikia nini.