Baiskeli Unayo, Miguu Unayo: Sasa Jifunze Maji



Swali la leo limetoka kwa binti wa Adungosi, huku Busia, anayeuza dukani. Baiskeli ameiendesha tangu shule ya msingi, asubuhi hukimbia kidogo, na sasa moyo wake uko kwenye triathloni fupi. Nyumbani wanamwambia huo ni mchezo wa wazungu na wenye pesa. Isitoshe, hajui kuogelea. Anataka kujua kama ajaribu ama aache.

Jaribu, mdogo wangu. Ila ufuate mpangilio nitakaokupa, na usinunue kitu chochote kabla ya kumaliza kunisikiliza.

Triathloni fupi ni kuogelea mita 750, kuendesha baiskeli kilomita 20, kisha kukimbia kilomita 5, yote yakifuatana bila saa kusimamishwa. Ile ya Olimpiki, iliyoingia Sydney mwaka 2000, ni maradufu ya hiyo. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham, mwaka 2022, walitumia umbali huu mfupi na Alex Yee wa Uingereza akashinda kwa dakika 50 na ushei. Saa yake mwachie mwenyewe. Wewe lengo lako la kwanza ni kumaliza salama, hata ikikuchukua saa mbili. Uliza tu mapema kama waandalizi wameweka muda wa mwisho kwa kila sehemu.

Hayo ya uzungu nayo tuyamalize. Ni kweli mchezo wenyewe ulianzia San Diego, Marekani, mwaka 1974. Lakini baiskeli ya kazi ni yetu. Hapa hapa mpakani, Busia na Malaba, ndipo bodaboda ilipozaliwa miaka ya 60 na 70, wanaume wakivusha abiria na magunia kwa baiskeli za Black Mamba kabla pikipiki hazijafika. Majirani zetu wa Rwanda wamekuwa wakiandaa triathloni za ngazi ya Afrika kule Rubavu, kando ya Ziwa Kivu. Kenya nayo ina Shirikisho lake la Triathloni. Hao ndio wa kuulizwa kuhusu ratiba na ada.

Sasa maji. Hapo ndipo nataka utumie nusu ya nguvu zako, kwa sababu baiskeli ikikushinda utashuka usukume na mbio zikikushinda utatembea, lakini maji hayana pa kupumzikia kwa asiyeyajua.

Usijifunzie Mto Malaba. Usishuke Sio Port wala Port Victoria ukajitupa ziwani peke yako: kuna viboko, kuna mamba, na kwenye maji yaliyotulia kando kando kuna konokono wanaobeba kichocho. Kama ulishawahi kuoga huko, nenda kituo cha afya upimwe. Dawa ipo na inatibu. Tafuta hoteli yenye bwawa la kuogelea, Busia mjini ama Bungoma, ulizia bei ya siku za katikati ya wiki, na umlipe mtu anayejua kufundisha. Mkijikusanya wasichana watatu au wanne, gharama itagawanyika na hakuna atakayekuwa majini bila jicho la mwenzake.

Anza kwa kuelea. Halafu kutoa pumzi uso ukiwa ndani ya maji. Halafu mikono. Ukiweza mita 25 bila hofu, ongeza polepole mpaka mita 750, ambazo katika bwawa la mita 25 ni kwenda na kurudi mara 15. Sheria hazikulazimishi mtindo mmoja: unaweza kuogelea kifudifudi, chali, hata kama chura. Ukichoka siku ya mashindano, inua mkono uite mtumbwi wa waokoaji, uushike upumue, mradi usikusogeze mbele. Kwa asiyejua kabisa, jipe miezi sita, na usilipe ada ya mashindano yoyote kabla ya kumaliza mita 750 mbele ya mwalimu wako.

Baiskeli yako ya nyumbani inatosha kwa mazoezi. Mpelekee fundi aondoe keria, anyooshe magurudumu, abadilishe mnyororo uliolegea, na zaidi ya yote arudishe breki zote mbili. Ile tabia ya kufunga breki kwa kandambili isahau, maana breki ni kitu cha kwanza mkaguzi atakachotazama. Mwambie pia apandishe kiti hadi mguu ukaribie kunyooka pedeli ikiwa chini. Magoti yako yatamshukuru. Pima kilomita 10 kutoka mlangoni kwako, nenda urudi. Kaa mbali na foleni ya matrela ya Malaba. Barabara za vumbi za kuelekea Amukura, alfajiri, zinakufaa zaidi. Helmeti ya pikipiki ni nzito na haifai hapa, kwa hiyo tafuta ya baiskeli. Na kumbuka kanuni moja inayowaadhibu wageni wengi: kwenye eneo la kubadilishia, unapotoka majini kwenda kwenye baiskeli, helmeti hufungwa kidevuni kabla ya kugusa baiskeli, na baiskeli husukumwa mpaka ufike mstari wa kupandia.

Kubadilisha nako hufanyiwa mazoezi. Panga viatu, helmeti na chupa ya maji uani, jimwagie maji, kisha uvae haraka mwili ukiwa bado umelowa. Mavazi yawe yale yale tangu mwanzo hadi mwisho: kaptura ya kubana na fulana ya kubana. Mama akilalamika, mpeleke bwawani siku moja ajionee wasichana wanavyovaa na wanavyofundishwa. Usimfiche.

Mara moja kwa wiki, ukishuka kwenye baiskeli kimbia papo hapo, dakika 10 tu. Mwanzoni miguu itakuwa mizito na utadhani unaumwa. Ni kawaida, huisha baada ya muda. Siku ya mashindano kilomita ya kwanza iende taratibu.

Kwa wiki, ogelea mara mbili au tatu, endesha mara mbili, kimbia mara mbili, na siku moja lala. Siku za mwezi zikikulemea, punguza bila aibu. Kama una pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo, zungumza na daktari kwanza. Chakula usikihangaikie: uji wa wimbi, viazi vitamu, ugali wetu wa atap, njugu, omena na mboga vitakujenga bila poda za makopo. Pombe ya ajon isubiri mpaka mashindano yaishe.

Kwa wanaosema Adungosi ni padogo, wajibu kwa jina moja: Flora Duffy. Anatoka Bermuda, kisiwa chenye watu elfu sitini na kitu, na mwaka 2021 huko Tokyo aliishinda dunia nzima katika triathloni ya wanawake. Siahidi medali. Ninachojua ni kwamba msichana anayejua kuogelea amepata kitu kitakachomfaa maisha yake yote, hata kama hatasimama kwenye mstari wa kuanzia.

Kwa hiyo usisubiri baiskeli mpya wala mfadhili. Wiki hii kaulizie bei ya bwawa, utafute wenzako wawili, mpange siku ya somo la kwanza. Ukishapanga, niandikie.