Beringi za Bendiso: Kuzikagua, Kuzitunza na Kuzibadilisha

Popote nyumba inapoinuka Gatongora na maeneo mengine ya Ruiru, karakana ya fanicha haiko mbali. Milango, vitanda na fremu za sofa hutengenezwa kando ya barabara, na mbao inapohitaji kukatwa kwa mviringo, kama mkono wa sofa au kichwa cha kitanda, hupelekwa kwenye msumeno wa mkanda, ambao mafundi huuita bendiso. Mashine hii ikianza kupiga kelele au kukata mshazari, wengi hulaumu bledi. Bledi mpya hununuliwa, na baada ya siku chache hiyo nayo hukatika. Mara nyingi kasoro iko kwenye beringi ndogo zinazoiongoza, ambazo bei yake ni ndogo kuliko ya bledi yenyewe.

Bledi ya bendiso ni utepe wa chuma uliounganishwa ncha zake ukawa duara, unaozunguka kwenye gurudumu la juu na la chini. Utepe huo ni mwembamba na hauwezi kusimama imara wenyewe fundi anapousukumia ubao. Kwa hiyo hupita kati ya seti mbili za beringi, moja juu ya meza na nyingine chini yake. Katika kila seti beringi mbili huwa ubavuni, kushoto na kulia, ili bledi isiyumbe. Ya tatu huwa mgongoni, ili bledi isirudi nyuma inapokutana na mbao. Baadhi ya mashine hutumia vipande vya chuma au vya mti mgumu ubavuni badala ya beringi. Hilo si kosa, mradi vipande hivyo vinyooshwe au vibadilishwe vinapolika.

Jambo ambalo mafundi wengi hawajaambiwa ni kwamba beringi ya mgongoni haikusudiwi kuzunguka muda wote. Inapaswa kutulia mashine ikiwa tupu, na kuzunguka pale tu mbao inapoisukuma bledi. Hesabu yake ni rahisi. Bledi nyingi za kukatia mbao hukimbia karibu mita 15 kwa sekunde, yaani mita 900 kwa dakika. Beringi ya namba 608 ina kipenyo cha milimita 22, na mzingo wake ni milimita 69 hivi. Ikisukumwa na bledi ukingoni bila kupumzika, italazimika kuzunguka takriban mara 13,000 kwa dakika. Mota za kawaida za karakana huzunguka mara 1,450 au 2,850 hivi. Haishangazi basi kwamba grisi ya ndani huyeyuka, vumbi huingia, na beringi hufa mapema. Ikishakwama, bledi husugua chuma kisichozunguka, mgongo wake huungua, nyufa ndogo huanza, na siku moja hukatika kwa kishindo katikati ya kazi.

Ukaguzi hauchukui hata dakika kumi. Fundi azime mashine, achomoe waya kwenye soketi (kuzima swichi pekee hakutoshi, kwa sababu mtu mwingine anaweza kuiwasha), kisha azungushe kila beringi kwa kidole. Beringi nzima huzunguka kwa ulaini na bila sauti. Ikikwaruza kama iliyoingia mchanga, ikikwama mahali, au ikicheza inapotikiswa, imekwisha. Aangalie pia uso wake: mfereji uliochimbwa na bledi ni dalili kwamba imekuwa ikisuguliwa bila kuzunguka. Na asisahau seti ya chini ya meza. Huko ndiko unga wote wa mbao huangukia, na ndiko watu wasikoangalia.

Mbao zenye utomvu, saiprasi kwa mfano, huacha ugumu unaonata kwenye bledi na beringi. Utomvu huo ukichanganyika na unga wa mbao huwa kama gundi. Utolewe kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa kidogo, beringi ipanguswe kwa nje tu. Ile desturi ya kuitumbukiza beringi kwenye mkebe wa petroli inaidhuru, kwa sababu petroli hupenya, huondoa grisi ya kiwandani, na beringi iliyofungwa pande zote haiwezi kutiwa nyingine kwa urahisi. Itasikika safi kwa siku mbili, kisha itapiga mluzi. Hewa ya kompresa nayo isielekezwe moja kwa moja kwenye beringi, maana husukuma vumbi ndani. Brashi inatosha.

Ikibidi kununua mpya, fundi aende dukani na ile ya zamani mkononi. Namba imechorwa ubavuni. Ikiwa imefutika, ipimwe: 608 ina tundu la milimita 8, kipenyo cha 22 na unene wa 7, 6000 ni 10, 26 na 8, 6200 ni 10, 30 na 9. Herufi zinazofuata namba zina maana pia. ZZ ni kifuniko cha bati pande zote mbili, na 2RS ni kifuniko cha mpira. Kwenye vumbi la mbao, 2RS hudumu zaidi. Beringi za ubavuni zibadilishwe mbili kwa pamoja, kwa kuwa mpya na chakavu hazilingani kipenyo.

Kabla ya kufungua, simu ya mkononi ipige picha jinsi vipande vilivyopangwa, kwani washa ndogo hupotea kwenye unga wa mbao na bila hiyo beringi hubanwa na bolti ikakataa kuzunguka. Bledi ilegezwe na kutolewa, mikono ikiwa imevaa glavu. Beringi mpya isukumwe kwenye shafti yake kwa kugusa duara la ndani tu, kwa kutumia kipande cha bomba au soketi yenye upana unaofaa. Anayegonga duara la nje kwa nyundo huzichoma gololi kwenye njia yake, na beringi mpya huharibika kabla ya kuanza kazi.

Kuirekebisha ndiko kunakoamua kila kitu. Beringi zote zirudishwe mbali kwanza, ndipo bledi ivalishwe, ikazwe, na igeuzwe kwa mkono mpaka ikimbie mahali pamoja kwenye magurudumu yote mawili. Bledi inayopotea njia hainyoshwi kwa beringi. Kisha zile za ubavuni zisogezwe hadi ukingo wake wa mbele ufike nyuma kidogo ya mabonde ya meno, milimita 1 au 2. Zikigusa meno, huyanyoosha yale yaliyopindwa kushoto na kulia, na bledi haitakata tena vizuri. Kipande cha karatasi ya kawaida, ambayo unene wake ni karibu milimita 0.1, kiwekwe kila upande kati ya beringi na bledi, bolti zikazwe, karatasi itolewe. Ya mgongoni iachiwe nafasi ya karatasi chache, isizidi nusu milimita. Gurudumu lizungushwe kwa mkono mara kadhaa ili kuona kama sehemu ile bledi ilipounganishwa inapita bila kugonga. Nguzo ya juu ipandishwe na kushushwa, nafasi ipimwe tena, maana nguzo iliyopinda hubadilisha kila kipimo.

Wakati wa kukata, seti ya juu ishushwe hadi sentimita 1 hivi juu ya mbao. Wengi huiacha juu ili waone mstari vizuri. Bledi iliyo wazi kiasi hicho huyumba, na vidole hupata njia ya kuifikia. Glavu zivuliwe kabla ya mashine kuwashwa, kwani bledi ikishika uzi wa glavu huvuta mkono mzima. Vipande vidogo visukumwe kwa kijiti.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye karakana kuweka kinga kwenye sehemu hatari za mashine, hata kama ana mfanyakazi mmoja tu. Mfanyakazi akiumia, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri aripoti kwa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu apate habari, na ndani ya saa 24 kukiwa na kifo. Vibarua wa siku moja moja nao ni wafanyakazi.

Fundi ambaye angependa kuonyeshwa kwa vitendo anaweza kuuliza kozi za useremala katika vyuo vya ufundi stadi vilivyo chini ya serikali ya kaunti, ambayo ndiyo iliyokabidhiwa jukumu hilo na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010.