Vidonda vya Tumbo Vina Dawa



Hapa Zinga wengi husema vidonda vya tumbo huletwa na njaa, mawazo au pilipili. Mvuvi akishinda baharini bila kula, tumbo likamuuma, huambiwa ni njaa. Njaa na pilipili huweza kuongeza maumivu. Lakini chanzo ni kingine.

Chanzo ni nini?

Vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye Helikobakta pailori. Haonekani kwa macho. Tumbo lina tindikali kali ya kusaga chakula. Lina pia ute unaolinda ngozi yake ya ndani. Bakteria huyu hukaa katika ute huo na kuuharibu. Tindikali hupenya na kuunguza ngozi. Hapo kidonda huanza.

Chanzo cha pili ni kumeza mara kwa mara dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki.

Alijulikanaje?

Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walimwotesha bakteria huyu katika maabara. Wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao. Baada ya siku chache alianza kutapika, na tumbo lake lilikutwa limevimba ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Tufanye nini?

Magadi na maziwa hutuliza kwa muda tu. Bakteria hubaki. Nenda zahanati ukaeleze. Bakteria huyu hupimwa kwa choo. Akionekana, utapewa dawa za kumwua pamoja na dawa ya kupunguza tindikali. Mara nyingi dozi ni ya siku 14. Ukipata nafuu siku ya tano, usiache. Bakteria aliyebaki huzoea dawa, na kumwua tena ni vigumu.

Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, au tumbo likiuma ghafla na kukaza, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Kidonda kinavuja damu au kimetoboka. Kungoja asubuhi kunaweza kuua.

Kinga

Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kula. Tumia choo. Kunywa maji yaliyochemshwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini magadi hayaponyi vidonda vya tumbo?
2. Kwa nini tumalize dozi?
3. Ni dalili zipi za kukimbilia hospitali?